Fisi wa Udongo Wenye Ushanga

Miaka ya hamsini nilizunguka na baiskeli pande za Songwa, nanunua vyungu kwa akina mama na kuwauzia watu wa mgodini. Kila chungu nilikigonga mara mbili. Pigo la kwanza ni la adabu, la pili ndilo la kusikiliza kama kina ufa.

Mfinyanzi niliyemwamini kuliko wote alikuwa mjane mmoja, macho mekundu kwa moshi wa kuchomea vyungu. Kwetu macho ya namna hiyo kwa mwanamke mzee si jambo la kutania; watu huyaita macho ya mchawi. Udongo ukibaki, alifinyanga fisi wadogo wa kutosha kiganjani. Wazungu wa mgodini waliwapenda, hata mmoja aliposikia kwamba wachawi hupanda fisi, akataka wa namna hiyo.

"Mayu, mama yangu," nikamwambia mjane, "wavishe ushanga shingoni, na sikio moja ulichanje, kama wale wa wachawi."

"Fisi mwenye ushanga ana mwenyewe," akasema bila kuinua uso.

"Mwenyewe ni Mzungu. Atamweka mezani."

"Na kabla hajafika mezani, atakaa wapi? Si uani kwangu?"

Siku hizo nilikuwa na jibu la kila kitu. Nikasema jua la siku nne linatosha kuwakausha, na watu wana mashamba ya kupalilia, nani atachungulia? Akafinyanga sita.

Siku ya tatu fisi wa kweli akala ndama wa jirani. Jirani akafuata nyayo, zikapita nyuma ya ua wa mjane. Akachungulia, akawaona sita wamepangwa juani na ushanga wao.

Nilipofika kuchukua mzigo, watu walikuwa wamekaa mbele ya mwanangwa, mkuu wa kijiji, na mjane amesimama katikati. Hakuna aliyepiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Alama hizi umezijulia wapi?" mwanangwa akamuuliza.

"Kila mtoto anazijua."

"Mtoto anazijua kwa kusikia. Wewe umezifinyanga." Kisha akanigeukia. "Nawe mchuuzi, unanunua nini kwa huyu mama?"

Nikahesabu waliokaa: kumi na tisa. Nikarudia: kumi na tisa, na marungu saba.

"Vyungu," nikasema.

Mjane alinitazama, kisha akatazama chini. Hakunitaja.

Walimpa siku mbili ahame. Wale fisi wa udongo, mjane aliambiwa awavunje mwenyewe. Akawakanyaga mmoja mmoja kwa kisigino, taratibu, kama akandavyo udongo wa kazi.

Nilimbebea mzigo hadi njia ya kwenda Geita, alikokuwa na mtoto wa dada yake machimboni. Njiani nikaanza kujitetea. Akanikatiza.

"Ungesema, wangetufukuza wawili. Nani angenibebea?"

Sikujua kama amenisamehe au amepiga hesabu tu. Akajitwika mzigo, akashika njia. Nami nikageuza baiskeli, nikatafuta mfinyanzi mwingine. Vyungu vyake vilivuja, nikavinunua.