Mlima kwenye Kioo cha Nyuma

Mtaa mzima ulimwita Mjapani, ingawa Japani yenyewe hakuijua hata kwa harufu. Jina lilitokana na kazi. Alikuwa mchoraji wa mabango na stika katika duka la uchapaji, na kila kilichopita mikononi mwake kilitoka na kitu cha Kijapani. Kinyozi akiomba bango, anapewa duara jekundu na jina Nagoya. Fundi wa viti akitaka kadi ya biashara, anarudi na tawi la maua ya sakura, na neno Osaka limekaa juu yake kwa mapozi. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia majina yale yana irabu nyingi kama yetu, yanatamkika bila kuuma ulimi, na herufi zao zina uzito. "Moja tu inajaza bango," alipenda kusema. "Zetu mpaka uzipange foleni."

Elimu hiyo aliipata kwenye magari. Vigari vilivyokwisha tumika huko Japani vililetwa vikiwa bado na maandishi ubavuni, ya shule, ya dobi, ya waoka mikate, na wanunuzi walikimbilia kuyafuta. Yeye aliwahi kabla ya fundi wa rangi, akabandika karatasi nyepesi mlangoni na kufuatisha kila mkunjo kwa penseli. Hakujua kusoma hata herufi moja na wala hakuona haya. Chini ya kiti cha gari mojawapo aliokota kalenda ya picha: lango jekundu limesimama majini, mnara wa chuma, mahekalu ya mbao, na Mlima Fuji na kilele chake cheupe, umetulia kama mtu aliyeshiba. Picha ya mlima aliitundika juu ya meza yake ya kukatia, na tangu hapo alikuwa anatafuta pa kuuweka.

Aliishi ua mmoja na mama yake na mdogo wake, ambaye alikuwa dereva. Mama alikuwa na ulimi.

"Unaandika usichokisoma," alimwambia kila alipomwona na makaratasi yake. "Siku utawaandikia watu matusi, wakutwange."

"Watanitwanga Wajapani, mama. Wako mbali."

"Wewe cheka tu. Mimi nitakuja kukuzika na hilo libango lako kifuani."

Mdogo wake aliponunua gari la kubebea wanafunzi, Mjapani hakulala kwa furaha. Gari lilikuwa na kioo cha nyuma kipana, bila ufa, na moyo ulimdunda alipokipima. Alifanya kazi ile kwa bidii kuliko kazi zote alizowahi kufanya: mlima wote kuanzia pembe hadi pembe, miguu ya buluu, ukanda mwekundu wa alfajiri, kilele cheupe, na pembeni safu ya herufi alizozichukua kwenye mlango wa gari la dobi.

Sasa, dukani zilikuwepo stika za namna mbili za kufunika kioo. Moja ina vitundu vidogo kama chujio. Nje watu wanaona picha, ndani dereva anaona barabara. Nyingine haina kitundu hata kimoja, lakini inapitisha mwanga, na rangi zake zinawaka. Ya vitundu humfifishia mtu kazi. Mjapani aliitazama mara moja akairudisha kwenye rafu. Akachukua ile inayowaka.

"Na huku nyuma nitaona vipi, kaka?" mdogo wake aliuliza, akizunguka gari na kulishangaa.

"Vioo vya pembeni ni vya kujiremba? Malori yanaona wapi?"

Wakacheka. Habari ya stika ya vitundu Mjapani hakuitaja.

Hapa lazima nieleze jinsi gari lile lilivyotoka uani kila asubuhi. Lililala likiwa limeelekea ndani, kwa hiyo lilitoka kinyumenyume, likipita karibu na bomba la maji lililo kando ya lango. Wakati huo ndio mama alipokuwa bombani akiteka. Kabla ya mlima kubandikwa, dereva aligeuza shingo, akamtafuta mama yake kupitia kioo cha nyuma. Mama akiinua juu kata yake ya kutekea maji, maana yake subiri, bado nipo. Akiishusha, pita. Hawakusemeshana, ndiyo iliyokuwa salamu yao ya asubuhi. Baada ya mlima walikubaliana kwamba dereva apige honi, na mama asogee.

Wanafunzi waliupenda mlima kupita kiasi. Jua likipiga nyuma, unawaka ndani ya gari zima, na watoto wanapigania viti vya mwisho ili mikono yao iwe myekundu. Mjapani alivimba kichwa, tusimfiche. Alipita barabarani akitazama watu wakitazama.

Asubuhi moja honi ilipigwa. Ndoo ilikuwa ya bati, na maji yalikuwa yakiipiga kwa kishindo. Mama hakusikia. Gari lilirudi nyuma taratibu, kama siku zote, likambana kwenye nguzo ya lango.

Hospitali walisema nyonga imesagika, na ndani pia kuna kilichopasuka. Alikaa wodini siku chache, sauti ikipungua. Dereva alishinda nje ya mlango, hali, hanywi, hataki kuingia. Mjapani ndiye aliyekaa kitandani akamshika mkono.

"Mwite mdogo wako," mama alisema. "Ana nini?"

"Anaogopa kukutazama, mama."

Mama alifumba macho. "Niliinua kata," alisema. "Mkono ulishazoea. Niliinua nikajua ananiona."

Jioni ile kauli ilimkatika mama, na kesho yake akafa.

Msibani watu walisema, na watu wakisema hawana breki. Wengine walisema dereva alikuwa kwenye simu. Wengine walisema alikuwa na pombe ya jana, yeye asiyejua hata chupa inafunguliwa vipi. "Mtu anamkanyaga mama yake mzazi!" alisema shangazi mmoja kwa sauti ya kusikika, na dereva, aliyekaa pale pale mkekani, akainamisha kichwa kama anapokea haki yake. Mjapani aliyasikia yote. Alijua neno moja tu lingemtoa mdogo wake kwenye midomo ile, na hakulisema. Alijichukia, na bado hakulisema.

Waombolezaji walipotawanyika, wazazi wa wanafunzi wakawa wamekwisha watafutia watoto wao gari jingine. Asubuhi ikawa dereva anaamka kwa mazoea, anaingia garini, anakaa kwenye usukani bila kuwasha. Siku moja Mjapani akapiga moyo konde, akafungua mlango wa pili, akaketi kando yake.

"Kuna stika nyingine," alisema. "Ina vitundu. Ungemwona mama. Ilikuwepo dukani siku ile, nikaiona, nikaiacha."

Mdogo wake hakugeuka. "Kwa nini?"

"Inafifisha rangi."

Alisubiri ngumi. Angeipokea kwa shukrani. Lakini dereva alifungua mlango, akashuka, akasimama nje.

"Hamia hapa, kaka."

Mjapani akahamia kwenye usukani.

"Geuka nyuma."

Akageuka. Jua lilikuwa limetoka, na mlima ulikuwa unawaka, miguu ya buluu, ukanda mwekundu, herufi za dobi zikisomeka kinyume kwa asiyejua kuzisoma hata zikikaa sawa. Ulikuwa mzuri. Iliumiza kuona kwamba bado ulikuwa mzuri.

"Honi nilipiga," mdogo wake alisema. "Lakini na mimi shingo imezoea. Nikageuka, kama hivyo ulivyogeuka. Mama aliinua kata, eti?"

"Aliniambia aliinua."

"Basi mimi niliona mlima wako. Nikasema moyoni, leo umependeza."

Mjapani alikaa pale hadi jua lilipopanda juu ya paa. Kisha akaenda kuchukua wembe wake wa kazi na ndoo ya maji ya moto, akaanza kukwangua kwa chini, vipande vidogo kama kucha. Stika nzuri haitoki kirahisi. Alipopata uwazi wa kutosha mtu kupitisha macho, mdogo wake, aliyekwisha rudi kwenye usukani, aligeuza shingo akatazama nje. Bomba lilionekana lote, na kata ilikuwa bado imening'inia pale mtu alipoitundika baada ya ajali.