Breki Zilizoshika Kalerwe

Mume wangu alipopata kiharusi, upande wake wa kushoto ulilegea, na lile gari lake la spoti, jekundu, la milango miwili, kuukuu kuliko ndoa yetu, likakaa chini ya turubai mwaka mzima. Asubuhi moja nikaamua kumtembeza nalo, mimi nikiendesha. Tulipofika kwenye soko la Kalerwe likawa zito, kama linavutwa kwa nyuma. Nikasikia harufu ya kuungua. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa linafuka moshi.

Muuza nyanya mmoja akaja mbio na ndoo ya maji.

"Usimwage!" mume wangu akapaza sauti. "Chuma kitapasuka!"

Tangu augue sikuwa nimemsikia akisema kwa nguvu hivyo.

Tulingoja hadi gurudumu likapoa na kujiachia lenyewe, ndipo tukajikokota hadi Wandegeya kwa fundi mmoja Mkongomani.

"Ni pistoni za breki," mume wangu akamwambia. "Zimeshika kutu."

"Labda, Papa," fundi akasema, kama wanavyowaita wazee kwao. "Tuangalie kwanza."

Akapiga jeki, akalizungusha gurudumu kwa mkono. Likazunguka vizuri. Sasa alihitaji mtu wa kukanyaga breki. Nikasogea, lakini mume wangu alikuwa ameshashika mlango. Tukamsaidia kukaa kiti cha dereva, mimi nikimwinulia mguu wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mzima.

"Kanyaga, Papa. Achia."

Akaachia. Fundi akalisukuma gurudumu kwa mikono miwili, halikusogea. Akalegeza skrubu ya kutolea hewa pale kwenye gurudumu, mafuta ya breki yakaruka, na gurudumu likazunguka palepale.

"Pistoni zinarudi. Mafuta ndiyo yamefungiwa njia."

Wakarudia. Safari hii akalegeza pale juu, mpira unaopitisha mafuta ya breki unapoungana na bomba la chuma. Gurudumu likabaki limekaza; kizuizi kilikuwa ndani ya mpira wenyewe. Basi akaufungua ule mpira na kuukata: nje mzima kabisa, ndani umevimba, tundu halipitishi hata sindano.

Mume wangu aliuangalia kwa muda mrefu. "Ningefungua pistoni bure," akasema, akacheka.

Mpira mpya ulipofungwa na hewa kutolewa, akakanyaga, akaachia. Gurudumu likazunguka. Akakanyaga tena bila kuambiwa, akaachia, akakanyaga. Fundi akanitazama, akaendelea kulizungusha.