Mnazi wa Kitovu cha Yustina

Usimwone Apolinari anainamisha kichwa kila akipita kwa Bi Somoe, ukadhani ni mpole. Aibu ile!

Alipofika Kiwalani kutoka bara, enzi hizo kukiwa bado mashamba matupu, hakuwa na hata pa kupiga jembe. Bi Somoe ndiye aliyempa kipande cha shamba la marehemu babake. Sharti lilikuwa moja, lile analopewa kila mgeni: lima mihogo, lima kunde, lakini mti wa kudumu usipande, maana huku mtu akiulizwa shamba ni la nani huonyesha miti yake.

Felicitas, mkewe, alipojifungua Yustina, Bi Somoe mwenyewe alikuja na mche wa mnazi. "Mwanangu, kitovu cha mtoto hakitupwi ovyo. Kizikeni hapa, mpande mnazi juu yake." Siku ile nani alikumbuka sharti? Walikuwa wanacheka tu.

Miaka ikaenda. Minazi ya babake Bi Somoe ikaingiwa na chonga, wadudu wasio na huruma, ikafa yote. Maskini mama wa watu akawa anapanda mipya, inakufa, anapanda tena, mikono imeota sugu, kwani shamba lile ndilo pekee alilobakiwa nalo. Wa Yustina ukashika, ukazaa.

Ujamaa ulipopamba moto, kamati ikapita kugawa upya mashamba. Wakasimama chini ya mnazi ule.

"Huu wa nani?"

Bi Somoe akamgeukia Apolinari bila wasiwasi wowote, akingoja aeleze kwamba yeye ni mgeni wake. Apolinari akamfikiria Yustina, akafikiria kurudi bara na mzigo kichwani.

"Wangu," akasema. "Nimeupanda mwenyewe."

Wala hakusema uongo, na hilo ndilo linalomtafuna. Kamati ikampa shamba lote. Bi Somoe, jamani, hakupiga hata ukelele. Alijifunga kanga yake vizuri akaondoka.

"Huna haya wewe?" Felicitas alimwuliza nyumbani.

Asubuhi yake, akiwa anapalilia, akasikia sauti mpakani. Bi Somoe alikuwa amesimama kando ya mihogo aliyoipanda mwenyewe, jembe begani, amekuja kuomba aichimbe.

"Hodi," aliita.

Miaka yote hiyo hakuwahi kupiga hodi hapo. Apolinari akafungua mdomo aseme karibu, neno likagoma kutoka.