Ovaroli Zilizotoboka Upande Mmoja

Fundi cherehani alizishona zile ovaroli za wageni wa pangoni kwa uzi maradufu, na bado zilirudi zimetoboka. Si magotini wala viwikoni, kama ambavyo mtu mwenye akili zake angetarajia. Zote, za wanene kwa wembamba, zilitoboka kwenye tako la kushoto. La kulia hata mkwaruzo halikuwa nao.

Meneja wa pango alimwambia bila kumung'unya maneno, "Zikirudi tena hivi, kazi nampa mwingine. Wageni wanatoka humo chupi zikionekana!"

Fundi alikasirika hadi chakula kikamshinda. Kazi ile hakuwa tayari kuipoteza. Marehemu baba yake ndiye aliyekuwa mwongozaji wa kwanza wa pango hilo, ingawa goti lake la kulia lilikuwa halikunjiki tangu ujana. Binti mwenyewe hakuwahi kutia mguu mle, kwa kuogopa giza. Sasa udadisi ukaushinda woga. Kuna nini huko ndani kinachotafuna upande mmoja tu?

Jumamosi akajiunga na safari ya wanaoanza, yeye na bwana mmoja mnene aliyekuja na mkewe. Mwongozaji alikuwa Popo, mtu mzima aliyefundishwa kazi na marehemu baba wa fundi, aliyepewa jina hilo kwa kuwa mchana hakuonekana juani.

"Dada, umekuja kukagua kazi yako?" Popo akamtania, akimfunga kamba ya kofia ngumu kidevuni.

"Nimekuja kumkamata mwizi."

Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya udongo mbichi. Popo akamulika mawe yaliyoning'inia juu yao, akaeleza kwamba maji ya mvua huyeyusha chokaa yakipenya kwenye mwamba, kisha kila tone huacha chembe pale linaponing'inia kabla ya kudondoka. Fundi akasahau kabisa kuogopa. Kwa nini hili jeupe na lile rangi ya chai? Likikatika, linaota tena? Na hayo maji yanaishia wapi?

"Huyu mama ametuulizia sote," mke wa yule bwana akacheka.

Muda wote huo fundi alikuwa akipapasa kuta, akitafuta ncha inayochana nguo. Hakuiona. Kuta zilikuwa laini kama sabuni iliyotumika.

Wakafika kwenye mteremko wa jiwe pana. "Hapa pana sheria yake," Popo akasema. "Tazameni kwanza." Akakalia tako la kushoto, akanyoosha mguu wa kulia mbele, akaegemeza mkono wa kushoto nyuma, akaguna, "Eeh-haya," akateleza hadi chini. Bwana mnene akafanya vilevile. Mkewe naye, na ile "eeh-haya" yake pia.

Fundi akasogea ukingoni mwa mteremko. Hivyo ndivyo baba yake alivyoshuka ngazi za mlangoni kwao kila asubuhi.

"Popo!" akaita kutoka juu. "Kwa nini kushoto?"

"Ndivyo mzee alivyotufundisha. Waongozaji wote hushuka hivi."

"Baba goti lake lilikuwa halikunjiki!"

Popo akautazama mguu wake mwenyewe, akaukunja, akaukunjua. "Tulijua anachechemea," akasema polepole. "Lakini kushuka hivi tulidhani ni utaalamu." Akaangua kicheko hadi pango likamjibu. "Miaka yote hii! Basi dada, kuanzia leo tunakalia yote mawili. Ovaroli zako zimepona."

Ilikuwa kweli. Mwizi amepatikana na kazi imeokoka. Fundi alipaswa kufurahi, lakini alihisi kama mtu anayekaribia kunyang'anywa kitu alichokipata sasa hivi.

"Thubutu!" akasema. "Mkibadilisha, tafuteni fundi mwingine. Nitatia kiraka cha turubai upande wa kushoto, na huyo meneja niachieni mimi."

Akaketi juu ya jiwe. Goti lake la kulia lilikuwa zima kabisa, lakini alilinyoosha. Machozi yalimtoka na hakuyafuta; mkono wa kushoto ulishakuwa nyuma, mahali pake.

"Eeh-haya, baba," akasema, akateleza.