Fundi Viatu na Dawa za Mama

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi viatu, na vidole vyake vina weusi wa gundi usiojali sabuni. Kila asubuhi huvisugua kwa brashi mpaka viwashe, ndipo ampelekee mama yetu dawa. Mama alikuwa nesi miaka thelathini, na wanafunzi wengi wa unesi walipitia mikononi mwake. Sasa maradhi ya kusahau yamemfutia hata sura zetu wanawe. Shemeji hamlazimishi wala hamdanganyi. Humwekea kidonge kiganjani na kumwambia, "Mama, kikague kwanza."

Juzi Mama alikigeuzageuza, akamrudishia. "Hiki sicho."

"Ameanza tena," nikasema. "Mpe tu."

Shemeji alivaa miwani, akaisoma paketi mpya herufi kwa herufi akiilinganisha na cheti cha daktari, kisha akashika njia kwenda duka la dawa. Kumbe muuzaji alikuwa ametoa vidonge vya nguvu maradufu. Aliporudi na vilivyo sahihi, alipiga goti mbele ya kiti cha Mama.

"Ulisema kweli, Mama. Nimevibadilisha."

Mama alikikagua kipya, akakimeza, kisha akanigeukia mimi.

"Katika wanafunzi wote wa mwaka huu," akasema, "huyu ndiye anayesikiliza."