Mtunza Bwawa Aliyetangulia Kukimbia

Watu wa kitongoji kilichokuwa chini ya bwawa walimwita Kioo, na mwenyewe jina hilo hakulikataa. Chochote alichokabidhiwa kiling'ara: ngazi za chuma, magurudumu ya kufungulia maji, hata kofia yake ya kazi. Alikuwa ameoa kitongojini humo humo. Mama mkwe wake, mwanamke mwenye magoti mabovu na ulimi mzima, aliishi kwenye nyumba za mwanzo karibu na mto.

Chini ya tuta la bwawa palikuwa na hodhi dogo la saruji. Kila tuta la udongo huvuja kidogo, na hilo si ugonjwa. Maji yanayovuja hukusanywa hapo yatazamwe. Yakiwa safi, tuta ni zima. Yakiwa na tope, basi maji yanaula udongo wa ndani, na tuta linaloliwa ndani huanguka bila kupiga hodi. Miaka mingi Kioo ndiye aliyeinama kuyatazama. Kisha akaja injinia, mwanamke wa umri wa binti yake, akafunga ndani ya hodhi kifaa kinachopima uchafu wa maji saa zote na kupeleka vipimo ofisini mjini kwa mtandao wa simu. Kifaa kikiona tope, ofisi humpigia Kioo akaangalie. Asipopokea, hawamngojei: wanawasha king'ora.

"Usisugue hodhi bila kutuambia, mzee," injinia alimwonya. "Kifaa hiki hakitofautishi tope la brashi na tope la bwawa."

"Injinia, hodhi hili nimelisugua tangu wewe hujaota meno."

"Ndiyo maana nakuambia wewe."

Siku moja kabla ya wakaguzi kufika, Kioo aliona ute wa kijani umeshika kuta za hodhi. Mgeni hapokelewi na uchafu. Alifikiria kupiga simu ofisini, akaona ni sawa na kuomba ruhusa ya kufagia chumbani kwake. Akavua buti, akaitia simu ndani ya buti isilowe, akaingia na brashi. Tope lililolala chini likaamka, maji yakawa kama chai ya maziwa. Simu ikaita ndani ya buti, ikanyamaza, ikaita tena. Kelele za brashi zikaimeza.

King'ora kikalia.

Angetazama miguuni pake angeelewa yote. Hakutazama. Alijua kuliko wote bwawa likipasuka hufanya nini, na ujuzi huo ulimfika miguuni kabla ya kichwani. Mguu niponye! Alikatiza kitongoji pekupeku, brashi mkononi, akapita mlangoni kwa mama mkwe wake bila kugeuza shingo, akaushika mlima. Waliomwona wakasema, ikiwa mtunza bwawa mwenyewe anakimbia hivi, leo kumekucha. Wakaacha vyungu motoni, wakamfuata.

Mama mkwe alibebwa na majirani juu ya kiti cha plastiki. Njiani mguu wa kiti ukavunjika, naye akaanguka na kuteguka mkono.

Kule juu Kioo aliligeukia bwawa. Limetulia tuli. Akaitazama brashi, matope yakidondoka kutoka kwenye nyuzi zake. Akili ikamrudia, na aibu ikaja nayo. Akaisukumia brashi kichakani.

"Mkwe wangu," mama mkwe alimwita, mkono wake ukiwa umefungwa kwa khanga, "ulipita kwangu una haraka kweli. Nikadhani unakwenda kuniitia gari."

Watu wakacheka. Kioo naye akacheka, na kicheko kikawa kama kutafuna mchanga.

Injinia alifika alasiri, akalizunguka tuta, akainama hodhini. Maji yalikuwa yameshakuwa safi. Watu wakamzunguka.

"Ondoa hilo dude lako, dada!"

"Likilia tena mimi naziba masikio, nalala."

"Kioo yupo," kinyozi wa kitongoji alisema, akamwekea mkono begani. "Macho yake yanatutosha. Huyu hajawahi kutudanganya."

Injinia alifuta mikono kwenye suruali. "Kifaa kiliona tope. Sijui lilitoka wapi. Kama hakuna anayejua, itabidi nizime king'ora mpaka kichunguzwe."

Wakapiga makofi. Kioo alitazama upande wa juu wa mto, ambako mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kujazana. Mkono wa kinyozi ulikuwa bado begani mwake, mzito kama gunia.

"Ni mimi," alisema. Hawakusikia, ikabidi arudie. "Nilikuwa nasugua hodhi. Tope ni la kwangu. Kifaa ni kizima."

Kinyozi akauondoa mkono. "Subiri kwanza. Sasa ulikuwa unakimbia nini?"

"Sikufikiri."

"Yaani ulijikimbia mwenyewe!"

Safari hii Kioo hakucheka nao. Alingoja injinia amkaripie, afadhali jambo lingekwisha. Injinia alisema tu, kwa upole uliomuumiza zaidi, "King'ora kinabaki. Wewe pita nyumba kwa nyumba, mzee. Waeleze ilikuwa nini. Na uwaambie kikilia tena wakimbie vilevile."

Akapita. Kila mlango alisema maneno yaleyale, na hayakuzoeleka mdomoni. Wengine walimkaribisha kiti, wengine walimsikiliza wamesimama. Mkewe alimsindikiza mpaka karibu na kwa mama yake, akasimama.

"Hapo siingii nawe. Hilo ni lako."

Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, mkono uliovimba ukiwa juu ya mto wa kulalia.

"Kwa hiyo kikilia tena, nikimbie?"

"Ukimbie, mama."

"Kwa magoti haya?"

Kioo aliinamisha kichwa. "Nitapitia hapa kwanza."

"Tutaona," alisema mama mkwe, akageuzia uso ukutani. Naye Kioo alibaki amesimama, asijue kama ameruhusiwa kuondoka.