Siku Nyanya Alipomchukua Mbwa wa Mwalimu

Wiki jana, rafiki yangu, nilimpandishia sauti msichana mpole wa watu katika kituo cha kutunza wanyama waliotupwa hapa Kisumu, na mpaka leo sijapoa. Nilikwenda kuchukua mbwa. Nyuma ya wavu alilala dume wa aina ile ya polisi, mbegu safi, masikio kama panga mbili, lakini amekonda hadi ungeweza kumtundika ukutani kama kalenda. Shingoni manyoya yaliisha pale mnyororo ulipomla.

"Mwenyewe alihamia Nairobi, akamwacha amefungwa," msichana akasema. "Majirani walimsikia akilia, wakazoea."

Wakazoea. Neno hilo lilinipandisha damu, likanirudisha moja kwa moja Asembo Bay, kando ya ziwa, nyumbani kwa nyanya yangu.

Mbwa wa nyanya hawakuwa na mbegu yoyote ya kujivunia. Walikuwa na rangi ya vumbi, na kazi yao ilikuwa kulinda omena, wale dagaa wa ziwani. Asubuhi akina mama walianika omena kwenye nyavu kuukuu ufuoni, harufu ikakushika nguo hadi kanisani Jumapili, na ndege weupe wakashuka kama mvua ya mawe. Mbwa mmoja tu wa nyanya aliweza kuwafukuza mpaka Uganda na kurudi kabla chai haijachemka. Alikula ugali wa jana uliolowekwa kwenye supu ya vichwa vya samaki, na sisi watoto tulimwonea wivu.

Jike akizaa, watu walikuja kuomba. Nyanya hakuuza. Alitoa, lakini hakutoa kabisa. Baadaye angepita kwa yule aliyempa, bila kubisha hodi, akaenda nyuma ya jikoni, akainama, akatia kidole kwenye sufuria ya maji ya mbwa. Kidole kikitoka kimelowa, aliomba chai. Kikitoka kikavu, hakuomba kitu.

Siku moja kilitoka kikavu kwa mwalimu wangu. Mwalimu huyu akiingia darasani hata nzi walisimama. Alikuwa amemfunga mbwa kwa waya juani mchana kutwa, eti awe mkali. Mimi nilikuwa nimembebea nyanya kikapu, nikatamani ardhi inimeze pamoja nacho.

"Mama, huyo ni mbwa wangu. Ulinipa mwenyewe."

"Nilikupa umlishe, Mwalimu," nyanya akajibu, vidole bado vinafungua waya. "Ukali unao wewe, unatosha boma zima."

"Na watu watasemaje?"

"Waanze sasa, nikiwa bado niko hapa."

Majirani walikuwa wamejaa kando ya ua. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemtetea mwalimu. Tukaondoka na mbwa wetu, anayumba njia nzima. Kesho yake nilikaa darasani nikingoja kiboko, hakikuja. Baadaye mwalimu aliomba mtoto mwingine wa mbwa, akapewa, na sufuria yake ikawa inafurika hata bata wangeogelea. Shule niliimaliza ukubwani, kwa masomo ya usiku, lakini hilo simlaumu mwalimu.

Sasa msichana wa kituo alikuwa na maswali. Una ua? Mchana nani yuko nyumbani? Atalala wapi? Mke wangu, niliyekwenda naye, alidhani maswali ndiyo yamenikera. Wapi. Kilichonikera ni kwamba yule wa Nairobi alinunua mbwa wa mbegu safi, bila shaka akawasomea wageni ukoo wake mpaka babu, na hakuna aliyewahi kumuuliza maji yako wapi. Mtaa alikomwacha una mageti ya chuma na kamera hata za kuangalia mende. Ila mwanamke mmoja wa kuingia bila hodi na kutia kidole kwenye sufuria, hakuna. Nyanya alishatuacha, na kazi yake haikurithiwa na mtu. Siku hizi tukisikia mbwa akilia, tunaongeza sauti ya televisheni, na huo tunauita ujirani mwema.

"Basi Mzee, utampata," msichana akasema. "Lakini tutakuja kumwangalia. Usijali, tutakupigia simu siku moja kabla."

Hapo ndipo nilipopandisha sauti.

"Simu ya nini, dada? Ukinipigia utakuta nimemwogesha na maji yamejaa pomoni. Hata yule wa Nairobi angejaza. Njoo tu."

"Na tukikuta geti limefungwa?"

"Ingiza mkono kwa juu. Komeo liko kushoto."